Fimbo ya Henzirani Uliyoniomba

Mwanangu Nyangeta,

Sitakuuliza hali, maana asubuhi hii nimekuona kwa macho yangu ukimaliza viazi vyote vya sufuriani kabla ya kwenda Nyamuswa kumuaga shangazi yako. Wewe u mzima. Mimi ndiye nisiye mzima. Tangu jana jioni sahani yangu nairudisha imejaa, na mama yako anadhani ni dagaa.

Utarudi na gari la jioni, na kesho alfajiri unapanda basi kwenda Kisorya kuanza kazi ya ualimu. Kwa hiyo nina mchana huu mmoja tu. Nimekaa bandani kwangu, karatasi nimeiweka juu ya ubao wa kupasulia, na kila mlango ukilia nashtuka kama mwizi. Mambo ya kuchemsha maji, kuficha hela na kufunga mlango mapema mama yako ameshakuambia mpaka umeziba masikio, sina haja ya kuyarudia. Naandika kwa sababu ya kile ulichoniomba jana.

Ulikuwa unafunga sanduku. Ukasema bila kugeuka, "Baba, nikatie na mimi fimbo moja ya henzirani. Walimu wote wanaendaga nazo."

Nikajibu, "Tutaona."

Ukaenda kuosha vyombo. Tutaona! Mtu mzima na mvi zangu, hilo ndilo jibu nililokuwa nalo. Tangu hapo najiuliza ulikuwa na maana gani. Labda ulinitania. Labda ulinichoma makusudi, na una haki. Au labda unaitaka kweli, ukaitumie. Nimejaribu kupima lipi linanitisha zaidi na nimeshindwa. Ninachojua ni kwamba ukiondoka kesho kabla sijasema neno ambalo sijalisema kwa miaka saba, huenda huko Kisorya ukakaa jumla, ukawa mtu wa kutuma salamu tu. Hiyo ndiyo hofu yangu, nimeisema.

Lakini niache nianze mbali, nipate nguvu.

Wewe unaijua henzirani kama ile miiba iliyorarua gauni lako la kipaimara. Hujui ilivyofika hapa kwetu Bweri. Mimi nilifundishwa kusuka viti misheni nikiwa kijana, na siku hizo henzirani ilikuwa inakuja na meli kutoka nchi za mbali, imefungwa mizigo mizigo, laini na safi. Haki ya Mungu nilidhani inatengenezwa kiwandani. Kisha ikaja ile miaka ya dhiki. Unakumbuka foleni za sukari, unakumbuka mama yako akifulia majani ya mpapai. Watu walilia sabuni, walilia mafuta ya taa, lakini hakuna aliyelia henzirani ila mimi. Viti vya maofisini vilitoboka, wakubwa wakawa wanakalia mbao. Nilijaribu kusukia mafunjo, yakakatika. Nikajaribu nyuzi za nyavu, zikawa zinawakata watu mapaja. Karani mmoja alinirudishia kiti chake huku ameshikilia suruali nyuma kwa mkono.

Ndipo mtu wa melini akaniambia kwamba upande wa Bukoba, kwenye msitu wa majimaji karibu na mpaka, henzirani inaota yenyewe na kuparamia miti. Vita vilikuwa vimekwisha juzi tu. Wengine walirudi kutoka upande ule na redio na magodoro. Mimi nilirudi na mfuko wa matunda yasiyolika. Tunda lake ni dogo, lina magamba kama ya sato. Mzee mmoja mkata henzirani ndiye aliyenichumia, akaniambia, "Mbegu hii haitaki kukauka. Ikikauka, imekufa." Nikatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza.

Nilipofika nyumbani nikafanya kama walivyofanya bibi zangu wote na mbegu za mtama. Nikazimenya, nikazifunga kwenye kitambaa, nikazining'iniza juu ya mafiga ili moshi uzikaushe na wadudu wasiziguse. Mama yako akauliza, "Yule mzee si alisema zisikauke?" Nikamjibu kwamba mbegu ni mbegu. Zilikaa juu ya moto mwezi mzima. Nikazipanda, nikamwagilia miezi minne, nikawa naamka na kwenda kuchungulia kabla hata ya kunawa uso. Haikuota hata moja. Nilizipika, Nyangeta. Nilisafiri ziwa zima kwenda kuchukua mbegu, nikaja kuzipika kwa mikono yangu, na kwa roho safi kabisa.

Nikarudi tena kwa yule mzee. Akanicheka mpaka akakohoa. Safari hii nikatii. Nilisugua nyama ya tunda ikatoka yote, nikazifunga mbegu kwenye maganda mabichi ya mgomba pamoja na udongo wa kule kule msituni, na melini nikawa nazinyunyizia maji kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa. Nikatengeneza kitalu kivulini, udongo mweusi na mchanga kidogo, nikazifukia kina cha ukucha wa dole gumba, siruhusu udongo ukauke. Mwezi wa kwanza kimya. Wa pili kimya. Wa tatu, wewe ukaja mbio, ndiyo kwanza umeanza darasa la kwanza, ukapiga kelele, "Baba, udongo umeota nywele!" Zilikuwa kumi na moja.

Sisi watu wa huku tumelelewa na pamba. Kwetu shamba zuri ni lile jeupe ambalo hata kinyonga hana pa kujificha. Basi nilipoihamishia ile miche kule chini kwenye kijito, nikapalilia mpaka nikapitiliza, nikafyeka vichaka, nikakata na matawi ya mkuyu ili jua liingie. Nilidhani naisaidia. Jua la Januari likaunguza minane ndani ya wiki mbili. Iliyopona ni ile mitatu iliyokuwa upande wa kivuli ambako panga langu halikufika. Henzirani ikiwa changa inataka kivuli, na inataka mti mkubwa karibu wa kuukamata baadaye. Inataka maji miguuni lakini si kuogelea. Hayo yote niliyajua baada ya kuua.

Na subira sikuwa nayo. Miaka mitatu henzirani ilikaa chini kama majani ya kawaida, haiendi juu wala haifi. Nilikuwa naenda kuivuta kidogo nione kama mizizi imeshika. Majirani wakapaita kwangu shamba la miiba. Wewe ndiye uliyeiweka hai. Kila kiangazi, kijito kikikauka, ulikuwa unateka maji ziwani kabla ya kwenda shule, ndoo kichwani, unateremka mpaka kijitoni, unarudi unakimbia kuvaa sare. Sikukuomba, nilikuamuru. Tusipambe maneno.

Mvua za mwaka wa nne ndipo ikarusha ule mjeledi wake mrefu wenye kulabu, ukakamata mkuyu. Unamkumbuka ng'ombe wa jirani aliyenaswa sikio, tukaitwa wote kwenda kumnasua. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yangu. Ikawa inapanda. Na wakati inapanda ndipo biashara ikafunguliwa, ikawa ruksa kila kitu: mitumba, sabuni za manukato, na viti vya plastiki. Niliviona dukani mjini vimebebana kama sahani, vyepesi, havitaki fundi. Nilisimama mbele ya duka lile muda mrefu. Wateja niliowatafutia henzirani hawapo tena, na henzirani yenyewe ndiyo kwanza imeshika mti.

Sasa uelewe nilikuwa mtu wa namna gani mwalimu mkuu wako alipokuja. Miaka yote ile hakuna aliyepita kwangu kuulizia ule mmea ila kwa kucheka. Yeye alikuja na heshima zake, akakaa, akanywa uji, akasema, "Mzee, tunasikia una henzirani. Fimbo zetu za miti zinavunjikaga kila siku. Hebu tusaidie na wewe, iwe ndiyo mchango wako wa shule."

Nilitaka kumkumbatia. Mtu wa kwanza kuitaka! Ilikuwa haijakomaa. Henzirani iliyokomaa unaijua maganda yake ya chini yakikauka na kudondoka yenyewe, na shina likianza kuwa na rangi ya asali; yangu ilikuwa bado ya kijani. Nikaikata hivyo hivyo. Nikamenya miiba, nikanyoosha fimbo juu ya moto, nikazipaa kwa kigae cha chupa mpaka zikang'aa. Zilikuwa nane. Nilizibeba mpaka shuleni begani kama askari wa gwaride, na watoto walipoziona wakanyamaza uwanja mzima. Nilidhani wamevutiwa na kazi yangu.

Wiki ile ile nilikuamuru upeleke ndoo tatu badala ya moja, kwa kuwa nilikuwa nimekata na niliogopa shina litakauka. Ukachelewa shule. Yaliyotokea huko unayajua wewe kuliko mimi. Ninachojua mimi ni kwamba ulirudi mkono wa kulia umevimba, kidole cha mwisho kimepinda, na hukuwa unalia. Nikakuuliza kwa nini hukusema kwamba umechelewa kwa kumwagilia. Ukasema, "Nilisema. Mwalimu mkuu akasema vizuri, henzirani hiyo hiyo ndiyo itakayonichapa."

Nyangeta, unakumbuka nilifanya nini? Nilicheka. Kidogo, puani, kwa aibu, lakini nilicheka, na uliniona. Nikasema, "Kumbe fimbo haikuvunjika." Nimelirudia neno hilo peke yangu bandani mara nyingi sana, na kila mara natamani ardhi inimeze.

Hospitalini karani akauliza mtoto ameumiaje. Ulifungua mdomo. Mimi nikawahi, nikasema, "Alianguka kwenye mawe kule ziwani." Ukanitazama. Ningesema amechapwa, ningeulizwa na nani, na kwa nini, na fimbo imetoka wapi. Mwalimu mkuu tulikuwa tunakaa naye benchi moja kanisani. Na henzirani ilikuwa jina langu. Hatimaye nilikuwa na jina. Njiani nikakuambia mama yako asijue. Ukasema, "Sawa, baba."

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Hukuniuliza hata mara moja baadaye. Uliacha tu kuteremka kule kijitoni, na mimi sikukuamuru tena. Kidole hakikunyooka. Ukajifunza kushika kalamu kwa namna yako, ukafaulu, ukaenda sekondari, ukaenda chuo, na kila likizo ulikuwa unanisalimia vizuri kuliko mtoto yeyote wa mtaa huu. Heshima yako ndiyo inayonikosesha raha. Ungenitukana ningelala.

Basi huo ndio ukweli wangu. Nilikuumiza kwa kitu ulichokilea wewe, na nikakufunga mdomo. Samahani. Nimeandika neno hilo, nimelitazama, ni dogo mno, lakini sina kubwa zaidi yake.

Kuhusu darasa lako, sitakuambia uchape au usichape. Sina mdomo huo. Utakuwa na watoto sitini mbele yako, wengine wametoka kuvua dagaa usiku kucha na watasinzia, na utakuwa peke yako, mgeni, na siku nyingine utakuwa na njaa. Nakuomba kitu kimoja tu ambacho ningependa mtu angekufanyia wewe. Mtoto akichelewa, muulize ametoka wapi, kisha usubiri amalize kujibu.

Sasa naogopa barua hii. Nilipanga kuiweka katikati ya khanga zako uisome ukishafika. Lakini nikiisoma naona bado kuna mtu mmoja sijamwambia, naye yuko hapo jikoni anakukaangia karanga za safari. Naenda kumwambia sasa hivi. Nikirudi nitaendelea.

Nimerudi.

Mama yako alikuwa ameshika mwiko. Nilisimama mlangoni nikamwambia yote, kuanzia fimbo nane mpaka karani. Karanga zikaungua. Akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mawe hayakufanya kitu."

Nikasema ndiyo.

"Baba Nyangeta. Miaka saba nawachapa wadogo zake kwa sababu ya yale mawe. Watoto wa watu wote wanaruka pale wanaogelea, wangu wanakaaga nyumbani wanawatazama. Nimemchapa na yeye mwenyewe. Alipotolewa bandeji nilimchapa ili asirudie kupanda. Akanyamaza. Hukuwepo?"

Nilikuwepo. Nilikuwa bandani, nilisikia. Hili nalo nilitaka kuliruka kwenye barua, na angalia, limeingia.

Akaniuliza wewe umeniambia nini. Nikamweleza ulivyoniomba fimbo. Akaweka mwiko chini, akachukua panga nyuma ya mlango, akatoka bila khanga ya kichwa. Nikamfuata mpaka nusu ya njia, akanigeukia akasema nirudi. Nilikaa hapa nasikiliza panga, kha, kha, kha, kule chini. Nilidhani anaimaliza. Nikasema moyoni, na aimalize.

Alirudi anaburuza shina moja refu, lile la zamani kuliko yote, miiba imemchana mikono mpaka viwiko. Machipukizi yote ameyaacha. Akalitupa mbele yangu.

"Fimbo hakuna," akasema. "Kaa chini umsukie kiti. Mwalimu anakaaga."

Nikamwambia haiwezekani, henzirani mbichi haisukiwi, inatakiwa ikae juani wiki tatu, na hata fremu sina. Akasema, "Fremu unaikalia." Akanisimamisha, akakigeuza kiti changu cha mvule kichwa chini, akaanza kung'oa ukindu wa zamani kwa kisu cha samaki. Sijamwona amekasirika namna hiyo tangu tuoane. Nami nikapasua. Henzirani ikapasuka vizuri, nyuzi ndefu, nyeupe kwa ndani. Mpaka sasa tumefika nusu. Mama yako ananishikia ncha, haongei na mimi, ila anasema "vuta" na "achia". Nimemwomba dakika chache nimalizie hapa.

Kitafungwa juu ya basi kesho. Wenzako watakucheka, mwalimu mpya ameshuka na kiti. Waache.

Jambo moja la ufundi na nimalize. Henzirani iliyosukwa mbichi hukauka ndani ya kiti, inasinyaa, nyuzi zinaachiana. Mwezi wa kwanza utakikalia vizuri. Wa pili utaanza kuzama. Dawa yake ni fundi kuja na nyuzi kavu, akaze na kujaza mapengo, kazi ya siku moja. Usimpe mtu wa huko, ataharibu. Kikianza kuzama niandikie neno moja tu, "kimelegea", sihitaji salamu wala maelezo. Nitapanda basi la Bunda siku hiyo hiyo, nitakaza, na ukitaka nirudi jioni yake nitarudi.

Na kitalegea, mwanangu. Mimi fundi nakuambia, hakuna henzirani mbichi isiyolegea. Kwa hiyo Krismasi ikifika bila barua yako, sitajidanganya kwamba kiti bado kizima.

Mama yako ananiita nishike ncha.

Baba yako